Bomba moja, mawili au matatu? Ulinganisho wa mabomba ya sampu kwa mfugaji wa samaki wa mapambo Uganda

Kabla hujanunua bomba lolote la sampu (tangi la vichujio linalokaa chini ya tangi la samaki), jiulize swali moja: umeme ukikatika saa nane usiku, maji yatakwenda wapi? Na ukirudi saa kumi, nyumba nzima imelala, je, mfumo utaanza tena wenyewe bila mtu kugusa kitu? Mimi hutumia swali hilo kupima kila mpangilio wa mabomba. Kelele, bei na sura ya mfumo navitazama baadaye.

Maelezo mengi ya sampu yanayosambaa yameandikwa na watu wa nchi ambako pampu inaweza kuzunguka miezi bila kusimama. Sisi tuna bwawa la Karuma lenye uwezo wa megawati 600, lakini umeme kuwapo Karuma ni jambo moja, na kufika sebuleni kwako Kyaliwajjala au Mbarara wakati mvua inapiga nyaya za mtaa ni jambo jingine. Usambazaji ulihama kutoka kampuni ya Umeme kwenda kampuni ya serikali ya UEDCL tarehe 1 Aprili 2025, na bado mfugaji makini hupanga mabomba yake akijua kwamba pampu itazimika, tena bila taarifa.

Kwa asiyeujua mfumo huu: sampu ni tangi la pili linalokaa chini ya tangi la samaki, ndani ya kabati. Maji ya juu hufurika kupitia mdomo wa kisanduku kilichobandikwa kwenye kioo, hushuka kwa bomba hadi kwenye vichujio vya sampu, kisha pampu huyarudisha juu. Bomba la kushusha halisukumwi na kitu chochote isipokuwa uzito wa maji yenyewe. Pampu ndiyo inayoamua maji kiasi gani yanazunguka, na bomba la kushusha halina hiari, litapokea kila lita iliyopandishwa. Likishindwa, zinazobaki zinaishia sakafuni.

Nitatumia mfano mmoja hadi mwisho: tangi la sentimita 120 kwa 50 kwa 50, lita 300, lenye furu wa Ziwa Victoria (Waganda huwaita nkejje) au sikilidi (samaki wa jamii ya furu) wa Ziwa Malawi. Kwa maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, sampu inatosha ikipitisha ujazo wa tangi mara 4 hadi 6 kwa saa, yaani lita 1,200 hadi 1,800. Tuchukue 1,500. Wapo wanaotaka mara 10, na kwa matumbawe ya maji chumvi wana hoja zao. Kwa samaki wetu sioni faida yake. Vichujio havisafishi mara mbili zaidi kwa kupitishiwa maji mara mbili zaidi, ila kelele na bili vinaongezeka kweli.

Kipimo kilichoandikwa kwenye bomba si nafasi ya maji

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo. Katika maduka ya hadiwea Kampala utauziwa mabomba ya plastiki ya PPR au uPVC kwa milimita, na milimita hizo ni za kipenyo cha nje. PPR ina ukuta mnene. Ile ya 25 ya PN20 (PN ni daraja la shinikizo) ina ukuta wa milimita 4.2, kwa hiyo ndani inabaki 16.6 tu. Ya 32 inabaki na 21.2. uPVC ya 25 ya PN16 ina ukuta wa milimita 1.9, na ndani unapata 21.2, sawa kabisa na PPR iliyo kubwa kuliko yake kwa namba moja. Fundi bomba aliyezoea kuvuta maji ya nyumba atakuambia "hii ndiyo inchi moja, inatosha", na kwa kazi yake anasema kweli, kwa sababu maji ya nyumba yana shinikizo la tangi la juu ya paa. Ya kwako yanashuka mita moja tu. Chukua rula, pima tundu la ndani, na namba zote zinazofuata zisome kwa kipimo hicho.

Haya ni makadirio, lita kwa saa, kwa bomba lenye mwanguko wa sentimita 90 hivi na elbo mbili:

| Tundu la ndani | Bomba la wazi, bila kelele | Sifoni kamili |
|---|---|---|
| mm 20 | 300–500 | karibu 2,000 |
| mm 25 | 600–1,000 | karibu 3,500 |
| mm 32 | 1,100–1,800 | karibu 5,800 |
| mm 40 | 2,000–3,300 | zaidi ya 9,000 |

Tofauti ya safu hizo mbili inatokana na hewa. Katika bomba la wazi maji hushuka yakitambaa ukutani na hewa inabaki katikati. Ili yasigugumie, maji yachukue robo hadi theluthi tu ya nafasi. Katika sifoni kamili hewa haimo kabisa: bomba limejaa maji kutoka juu hadi chini, na safu nzima inavuta kwa uzito wake. Kila mfumo utakaouchagua unatumia njia moja kati ya hizo mbili, au zote.

Durso: bomba moja linalopumua

Ni bomba moja lililosimama ndani ya kisanduku, juu lina tii, elbo inayotazama chini, na kitundu kidogo cha hewa kwenye kifuniko. Limepewa jina la mfugaji aliyelieneza. Linahitaji tundu moja la kioo, konekta moja ya tangi, na halina valvu ya kurekebisha.

Kwa swali langu la saa nane usiku, Durso inajibu vizuri. Umeme ukikatika, maji yanashuka hadi ukingo wa mdomo wa kisanduku na kusimama. Ukirudi, yanafurika upya na kushuka, hakuna sifoni ya kutafuta wala hewa ya kutoa. Unaweza kukatiwa umeme mara nyingi kwa siku moja na mfumo usione tofauti.

Lina faida nyingine ambayo wengi hawaihesabu. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na kwa mwinuko huo maji ya nyuzi 25 hushika takriban miligramu 7 za oksijeni kwa lita, wakati pwani yangeshika zaidi ya 8. Kabale, mita 2,000 hivi, hewa ni nyepesi zaidi, ingawa ubaridi wa maji yake unafidia kidogo. Maji yanayoshuka yakichanganyika na hewa ndani ya Durso yanafika chini yakiwa yamepumua. Sifoni kamili haitoi zawadi hiyo. Ukiichagua, mdomo wa bomba la kurudishia uutazamishe juu ili uvuruge uso wa maji.

Udhaifu wake ni wa aina mbili. Kwanza ukubwa: kwa lita 1,500 bila kelele, bomba la 32 limekaa karibu na mwisho wa uwezo wake, kwa hiyo ningeweka 40. Hilo linataka tundu kubwa kwenye kioo na kisanduku kipana. Mabomba ya maji machafu ya inchi moja na nusu, yenye ukuta mwembamba, yanafaa hapa, kwa sababu hayabebi shinikizo, na bei yake ni nafuu kuliko PPR. Pili, na hili ni zito zaidi, bomba ni moja. Konokono akikwama kwenye elbo au jani la mmea likifunika mlango, hakuna njia nyingine ya maji.

Kuna kinga ya hesabu, nayo haina gharama. Hakikisha kwamba maji yote ambayo pampu inaweza kuyanyonya kutoka chumba chake cha sampu yanaingia kwenye nafasi iliyobaki juu ya tangi. Tangi letu lina lita 6 kwa kila sentimita ya kimo. Ukiacha sentimita 3 tupu juu ya usawa wa kazi, una lita 18. Basi chumba cha pampu kisiwe na zaidi ya lita 15 juu ya mlango wa pampu. Bomba likiziba, pampu itakausha chumba chake, tangi la juu litajaa hadi karibu na ukingo, na sakafu itabaki kavu. Pampu inayozunguka bila maji inaweza kuungua, lakini nunua pampu mpya mara mbili kuliko kubomoa sakafu ya mbao ya mwenye nyumba mara moja. Ukiwa na kifaa cha kujaza maji chenyewe, kinga hii inavunjika, kwa sababu kitaendelea kuongeza maji. Kilishe kutoka kwenye ndoo ndogo, kamwe kisiungwe moja kwa moja na bomba la mtaa.

Herbie: mabomba mawili, moja kimya na jingine mlinzi

Hapa bomba la kwanza ni sifoni kamili iliyobanwa kwa valvu iliyo chini, karibu na sampu. Unaifunga kidogo kidogo hadi maji ndani ya kisanduku yasimame juu ya mlango wa bomba na hewa isiingie. Bomba la pili limesimama juu zaidi, kavu, likisubiri dharura. Ukimya wake ni wa kupendeza mno. Ukiwa na tangi chumba cha kulala, Durso itakuchosha na Herbie hutaisikia.

Ukubwa unageuka hapa. Kwa lita 1,500, sifoni ya tundu la 25 ina uwezo zaidi ya mara mbili ya unachohitaji, na valvu yake inabaki wazi kwa upana wa kutosha kupitisha uchafu mdogo. Ya 20 inafika, ila akiba ni ndogo mno. Ya 32, ambayo wengi huichukua wakidhani kubwa ni salama, italazimika kubanwa hadi robo ya uwezo wake, na upenyo unaobaki kwenye valvu ni mwembamba kiasi cha kuzibwa na konokono mmoja. Kwa sifoni, bomba kubwa kupita kiasi ni hatari. Bomba la dharura ndilo liwe kubwa: 32 au 40, liweze kupokea lita zote 1,500 peke yake hata kama sifoni imekufa kabisa.

Kuhusu valvu, geti valvu hurekebisha taratibu kwa kuzungusha, na ndiyo inayotakiwa. Shida ni kwamba nyingi utakazoonyeshwa dukani ni za shaba. Maji ya bomba ya Kampala hutoka Ziwa Victoria, nayo ni maji laini, na maji laini huyeyusha shaba kwa urahisi zaidi. Kwa furu wakubwa huenda usione dalili, lakini kamba wadogo na konokono hawaivumilii. Tafuta ya plastiki. Ukiikosa, boli valvu ya uPVC yenye mkono mrefu inaweza kurekebishwa kwa subira, ingawa kuigusa kidogo tu kunabadili kila kitu. Na bomba la chuma la mabati usiliweke popote katika mfumo huu, zinki yake si rafiki wa samaki.

Sasa swali letu. Umeme ukikatika, bomba la sifoni linajaa hewa. Ukirudi, maji lazima yaisukume hewa hiyo itoke kwa chini. Kama mwisho wa bomba umezama sana kwenye sampu, hewa inakwama, sifoni haiwaki, na maji yote yanapita bomba la dharura kwa kishindo hadi uamke. Dawa ni mwisho wa bomba uzame sentimita 2 au 3 tu, pamoja na elbo chache na mteremko unaoendelea bila sehemu iliyolala. Ukifanya hivyo, Herbie hujiwasha yenyewe kwa kawaida. Linalobaki ni kwamba valvu imepangwa kwa mtiririko mmoja. Pampu ikishika utando na kupungua nguvu, kiwango cha maji kisandukuni kinashuka, sifoni inaanza kunyonya hewa kwa sauti, na unarekebisha tena. Anayetumia pampu ya betri ambayo mwendo wake unashuka chaji ikipungua atarekebisha mara kwa mara hadi achoke.

BeanAnimal: matatu

Bomba la kwanza ni sifoni iliyobanwa kama ya Herbie. La pili ni bomba la wazi linalopitisha maji kidogo wakati wote, likimeza tofauti zozote za mtiririko, na lina mpira mwembamba wa hewa ambao mdomo wake unatazama maji ya kisandukuni. Maji yakipanda hadi kuufunika mpira huo, hewa inakatika na bomba la pili lenyewe linageuka sifoni. La tatu ni kavu, la dharura.

Kwa umeme wetu huu ndio mfumo ninaouamini kuliko yote. Ukirudi baada ya kukatika, maji hupanda kisandukuni, bomba la pili linasaidia hadi la kwanza litoe hewa yake, kisha kila kitu kinarudi mahali pake ndani ya dakika chache. Pampu ikipungua nguvu, bomba la pili linapokea kidogo zaidi au kidogo pungufu, nawe huna haja ya kugusa valvu. Kwa mfano wetu: 25 kwa sifoni, 32 kwa la wazi, 32 au 40 kwa la dharura.

Gharama yake ni matundu matatu, konekta tatu, na kisanduku kirefu cha kuyabeba. Kioo cha milimita 10 kikitobolewa na fundi mwenye biti ya almasi na maji ya kupoza, matundu matatu hayana hatari kuliko moja, mradi kati ya tundu na tundu, na kati ya tundu na ukingo, uache nafasi isiyopungua kipenyo cha tundu lenyewe. Kioo kilichoimarishwa kwa moto, kile kinachovunjika chembechembe, hakitobolewi kabisa.

Kisanduku cha kuning'iniza

Mwenye kioo kisichotobolewa hushawishika kununua kisanduku cha kuning'iniza ukingoni, ambacho huvusha maji kwa mrija uliopinda. Nitasema kwa ufupi: usikinunue. Mrija ule hukusanya vipovu vya hewa, na siku sifoni yake ikikatika wakati pampu imezimika, umeme ukirudi pampu itamwaga maji ya sampu juu ya tangi ambalo halina mahali pa kushushia. Kwa tangi la namna hiyo, kichujio cha nje cha mkebe ni salama zaidi, na hutahitaji sampu.

Bomba la kurudisha na pampu

Wengi huanza na pampu. Mimi huifikia mwisho, nikishajua bomba la kushusha linaweza kubeba nini.

Lita zilizoandikwa kwenye boksi ni za pampu isiyopandisha maji popote. Tafuta mchoro wa uwezo kwa kimo, na kama una mistari miwili, soma wa hezi 50, maana ndio umeme wetu. Wa hezi 60 unaonyesha namba kubwa ambazo hutazipata hapa. Kutoka sampu hadi ukingo wa tangi ni kama mita 1.3. Juu yake ongeza msuguano, na hapa kipenyo cha ndani kinaonyesha ukali wake. Kusukuma lita 1,500 kwa saa kupitia mita 2 za PPR ya 25 yenye elbo nne kunagharimu kimo cha ziada cha zaidi ya mita moja na nusu, kuliko hata kimo chenyewe. Kwa uPVC ya 25 ni nusu mita hivi. Kwa uPVC ya 32 ni chini ya sentimita 20. Pampu ni ile ile. Aliyeunga PPR ya 25 analazimika kununua pampu kubwa zaidi na kuilipia umeme kila mwezi ili isukume ukuta wa bomba. Wati 30 za ziada, usiku na mchana, ni karibu yuniti 22 kwa mwezi.

Kwa hiyo: uPVC ya 32, elbo chache, na yunioni (kiungo kinachofunguka) karibu na pampu ili uitoe kuisafisha bila kukata bomba. Pampu inayotoa lita 1,500 kwenye kimo cha mita 1.5 kwa kawaida imeandikwa 3,000 au zaidi kwenye boksi.

Kati ya pampu ya umeme wa ukuta na ya volti 24, ya pili ni ghali zaidi, lakini inaweza kuunganishwa na betri ya sola bila inveta. Ya kwanza ukiilisha kwa inveta ya bei nafuu isiyotoa wimbi laini, itanguruma na kupata joto. Kama nyumba yako tayari ina sola, chukua ya volti 24, kisha mabomba yawe ya BeanAnimal, kwa sababu mwendo utabadilika.

Valvu ya kuzuia maji yasirudi haitoshi kama kinga. Utando na mchanga huizuia kufunga, na utagundua siku ya kukatika umeme. Kinga ya kweli ni kimo cha mdomo wa kurudishia. Kila sentimita unaouzamisha chini ya ukingo wa mdomo wa kufurikia ni lita 6 zitakazorudi sampu. Uweke sentimita 1 au 2 chini, si 15.

Urefu wa mdomo wa kufurikia nao unahesabika: sentimita 1 kwa kila lita 100 za saa huyafanya maji yapite yakiwa na unene wa sentimita 1.3 hivi. Kwa lita 1,500, sentimita 15 zinatosha, lakini ukizifanya 30 unene unashuka hadi 0.8, uso wa maji unafagiliwa vizuri zaidi, na maji yanayoshuka pampu ikizimika yanapungua kutoka lita 8 hadi 5.

Sampu ya sentimita 90 kwa 35 kwa 35 ikifanya kazi kwenye kimo cha sentimita 22 ina nafasi ya lita 31 hadi kubakiza sentimita 3 za juu. Maji ya mdomo, ya kisanduku, ya mabomba na ya mdomo wa kurudishia uliozama sentimita 2 yaingie humo yote.

Ningekuwa na tangi dogo la lita 100 sebuleni, ningeweka Durso na kuifanyia hesabu ya chumba cha pampu. Chumbani, mwenye inveta nzuri, Herbie. Kwa lita 300 na kuendelea, katika nyumba ambayo hakuna mtu mchana, ningelipa gharama ya matundu matatu bila kusita.

Mfumo wowote utakaoujenga, ujaze maji bila samaki na uzime swichi ya ukutani. Subiri hadi hakuna tone linaloshuka, uone sampu imefika wapi, kisha washa na utazame hadi sifoni ijishike. Rudia hivyo na bomba la kwanza limezibwa kwa kitambaa. Maji yakitulia, pampu ikiwa inafanya kazi, chora mstari wa wino kwenye kioo cha chumba cha pampu, na mwambie kila mtu nyumbani asiongeze maji kupita mstari huo.